Si mota, ni betri: kwa nini ndege yako inainua pua na kuangukia kushoto

Swali: Asalaam aleikum, Fundi. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu, niko kidato cha tatu. Nimeunda ndege ya rimoti kwa fomubodi, ile bodi ya povu. Bawa liko juu ya kiwiliwili, lina urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 20. Mota ni 2212 ya KV 1000, propela ni 10x4.5, kidhibiti ni cha ampea 30, betri ni lipo ya 3S 2200. Yote pamoja ni gramu 780. Kila nikiirusha kwa mkono ufukweni Shela inainua pua, inasimama hewani kidogo, halafu inalalia bawa la kushoto na kuanguka. Binamu yangu wa Nairobi ana mota kama hii na yake inaruka, lakini ananiambia pwani kuna upepo mwingi, ninunue mota kubwa. Uzito nimeupima kwa vidole: inakaa sawa sentimita 9 kutoka mbele ya bawa, karibu na katikati, kwa hiyo hapo hakuna shida. Mjomba wangu ni fundi wa majahazi Matondoni, aliitazama akasema imelemea tezini, nikacheka. Je, ninunue mota gani?

Jibu: Wa aleikum salaam, mdogo wangu. Usinunue mota yoyote. Na ukienda tena Matondoni mwombe mjomba wako radhi, maana jibu alishakupa bure. Fundi wa jahazi hutazama kwanza chombo kimekaaje majini kabla hajauliza kina tanga la ukubwa gani, na ndege yako ilitakiwa itazamwe hivyo hivyo. Imelemea tezini kweli, yaani uzito umezidi nyuma. Yafuatayo ni ufafanuzi wa neno lake hilo, pamoja na mambo machache ambayo yeye hakuweza kuyaona kwa sababu yamo ndani ya nyaya.

Nianze na mota, kwa kuwa ndiyo uliyoulizia. Mota ya 2212 yenye KV 1000 (KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti), ikipewa betri ya 3S, yaani ya seli tatu, na propela ya 10x4.5 (upana wa inchi 10), huvuta takriban gramu 800 ndege ikiwa imesimama. Ndege ya kujifunzia yenye bawa la juu huridhika na msukumo wa nusu ya uzito wake. Wewe una msukumo unaolingana na uzito mzima. Usinisadiki kwa maneno tu. Azima kwa wauza samaki ile mizani ya kuning'iniza, ifunge kwenye nguzo, funga kamba kutoka kwenye ndoana yake hadi kwenye mkia wa ndege, na ndege ikae juu ya ubao laini. Mwenzako asome mizani huku wewe unapandisha nguvu taratibu hadi mwisho kwa sekunde tatu au nne tu. Kaeni nyuma ya propela, msikae ubavuni wala mbele yake: ikikatika, vipande hutoka kwa pembeni, na propela ya inchi 10 inakata kidole bila kusita.

Mizani ikisoma chini ya gramu 600, tazama kwanza kama propela haikugeuzwa. Maandishi ya ukubwa, yale 10x4.5, yanatakiwa yatazame mbele, kule ndege inakoenda. Propela iliyogeuzwa bado inasukuma hewa nyuma, ndiyo maana mtu hashtuki, lakini imepoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Mota yenyewe ikiwa inazunguka kinyume, badilishana nyaya zozote mbili kati ya zile tatu zinazotoka kwenye kidhibiti kwenda kwenye mota. Zile mbili nene za betri usizichezee: ukichanganya nyekundu na nyeusi kidhibiti kinakufa papo hapo, pengine na moshi juu.

Binamu yako hakusema uongo kuhusu ndege yake, ila amesoma mambo kinyume. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na hewa ya kule ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko hii yetu ya ufukweni. Bawa lile lile, kwa mwendo ule ule, linabeba zaidi Lamu kuliko Nairobi. Propela nayo inakamata hewa zaidi. Mota inayotosha kule, huku inatosha na kubakisha. Cha kuangalia ni umeme: propela inayokamata hewa nzito inakula ampea zaidi, kwa hiyo mtu wa bara akikwambia aliweka propela ya 11x7 kwenye mota hiyo hiyo na ikamfaa, usimfuate. Yake itapata joto. Yako itaungua.

Sasa tuje kwenye zile sentimita 9. Ulipima sawasawa. Kilichokupoteza ni kudhani kwamba katikati ya bawa ndipo mahali pa uzito, na hapa Malindi vijana wanaoniletea ndege zao nusu yao wanadhani hivyo hivyo. Bawa halibebi sawa upana wake wote. Nguvu ya kuinua hujikusanya karibu na robo ya mbele. Kwa bawa lako ni kama sentimita 5 kutoka ukingo wa mbele. Mkia nao unachangia kidogo, na kwa sababu hiyo kila ndege ina pointi fulani nyuma zaidi ambayo kitovu cha uzito (pale inapokaa sawa juu ya vidole) kikiifikia, ndege inaacha kujirekebisha yenyewe. Kwa ndege za umbo kama la yako, pointi hiyo mara nyingi huangukia kati ya asilimia 40 na 50 ya upana wa bawa. Sentimita 9 katika 20 ni asilimia 45. Wewe umeijenga ndege kwenye ukingo wenyewe.

Tazama kinachotokea ikishatoka mkononi. Upepo kidogo unainua pua. Ndege ambayo uzito wake uko mbele, pua ikiinuka, nguvu inayoongezeka kwenye bawa na mkia inatua nyuma ya kitovu cha uzito, na hapo hapo inainamisha pua irudi mahali pake bila wewe kugusa kijiti. Yako haina kinachoirudisha. Pua ikishaanza kwenda juu inaendelea kwenda juu, mwendo unapungua, bawa linatazama mbingu, na hewa iliyokuwa ikiteleza juu ya mgongo wa bawa inaachana nalo. Hapo hakuna tena cha kuibeba. Kule "kusimama hewani kidogo" ulikokuona ndiko huko. Warushaji wanasema imestoli.

Na kwa nini kushoto kila mara? Simama nyuma ya ndege utaona propela inazunguka upande wa akrabu za saa. Kila inavyojitahidi kuzunguka kulia, mwili wa ndege unasukumwa uzunguke kushoto. Ndege ikiwa na mwendo, bawa linaumeza msukumo huo na wala huuoni. Ndege ikiwa imestoli huku mota inanguruma kwa nguvu zote, bawa halina uwezo wa kuuzuia. Ungefunga mota kubwa zaidi ungeangukia kushoto kule kule, tena kwa kasi zaidi.

Tiba yake haikugharimu senti. Chukua kalamu, upige alama chini ya bawa, kulia na kushoto kwa kiwiliwili, sentimita 5.5 kutoka ukingo wa mbele. Tia kila kitu kama unavyokwenda kurusha: betri, propela, kifuniko, hata utepe wa kufungia. Inyanyue kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo, ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa. Pua inatakiwa iiname kidogo sana, kiasi cha mtu kusema "iko sawa lakini inaelekea mbele". Mkia ukishuka, bado.

Betri iende mbele kiasi gani? Usibahatishe. Unataka kukisogeza kitovu sentimita 3.5 katika ndege ya gramu 780; zidisha upate 2,730. Betri ya 3S 2200 ina uzito wa gramu 180 hivi. Gawanya 2,730 kwa 180 na unapata sentimita 15. Hiyo ndiyo safari ya betri. Nadhani uliiweka chini ya bawa ili uifikie kirahisi. Toboa mlango mwingine mbele ya bawa, nyuma ya mota, na uifunge kwa velikro na mkanda, maana betri inayoteleza hewani inakurudisha pale pale. Kama pua ni fupi na betri inafika sentimita 10 tu, kilichobaki ongeza kwa chubwi ya mshipi, gramu 45 hivi, uigandishe karibu kabisa na mota. Chubwi ni suluhisho la mwisho, kwa sababu ni uzito unaopanda ndege bila kufanya kazi.

Ukiwa hapo ipime na ubavu pia. Mtu mmoja ashike ekseli ya mota kwa kidole, mwingine ncha ya mkia. Bawa la kushoto likishuka kila mara, bandika sarafu kwenye ncha ya kulia. Kisha rudi nyuma hatua kadhaa uitazame kutoka mkiani, jicho moja umelifumba. Unatafuta bawa lililojipinda. Fomubodi ina karatasi pande zote mbili, na karatasi katika unyevu wa Lamu inakunywa maji hata ikiwa ndani ya kabati. Upande mmoja ukivimba kuliko mwingine bawa linajinyonga lenyewe usiku. Ukiona ukingo wa nyuma wa bawa moja umeshuka kuliko wa mwenzake, lipinde kinyume taratibu, ukaze ubavu wake kwa kijiti cha mshikaki na gundi, kisha ulikandamize na vitabu mpaka asubuhi. Ndege ijayo, ipake fomubodi vanishi ya maji kabla ya kukata. Usitumie vanishi ya tina wala rangi ya kupuliza moja kwa moja kwenye povu. Inalila mpaka ndani. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.

Mota yako iangalie imetazama wapi. Isitazame mbele moja kwa moja. Iiname chini digrii 2 au 3 na igeuke kulia digrii 2, ili ukiongeza nguvu pua isipande sana na ndege isivutwe kushoto. Weka wosha moja nyembamba nyuma ya skrubu mbili za juu, mota itainama. Weka nyingine nyuma ya skrubu za kushoto, ukiitazama ndege kutoka nyuma, itageuka kulia. Na tafadhali niambie hukuigandisha mota kwa gundi ya moto peke yake. Jua la saa saba ufukweni, ndege imelala mchangani, pua yake umeipaka rangi nyeusi ili ipendeze: gundi ile inalainika, na mota inaanza kucheza wakati mbaya kuliko wote. Kipande cha plaiwudi, skrubu nne, na gundi ya epoksi nyuma yake. Pua nyeusi nazo sizipendi hata kama zimefungwa kwa skrubu. Jua letu halitaki rangi nyeusi.

Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu hata ndege iliyosawazishwa inauliwa na sevo, zile mota ndogo zinazosogeza vibao vya kuongozea, zikifungwa ovyo. Toa propela. Si kulegeza, toa kabisa uiweke mfukoni. Washa rimoti kwanza, kisha uunganishe betri; wakati wa kuzima ni kinyume chake, betri kwanza. Trimu zote kwenye rimoti (vitufe vya kurekebisha kidogo kidogo mahali pa vibao) ziwe sifuri. Sasa sevo zimekaa katikati, na mikono yake ichomeke isimame wima, digrii 90 na fimbo ya waya. Kama mkono hautaki kusimama sawasawa kwa sababu ya meno ya sevo, jaribu upande wake wa pili au geuza mkono. Mkono ukishasimama, ndipo urekebishe urefu wa fimbo mpaka eleveta, kile kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, ilingane na mkia. Wengi hufanya kinyume: wanachomeka vyovyote halafu wanasawazisha kwa trimu, na siku wanapohitaji trimu hewani wanakuta imekwisha.

Fimbo itie kwenye tundu la ndani la mkono wa sevo na tundu la nje la pembe ya eleveta. Hiyo inapunguza mwendo na kuongeza nguvu, nawe mwanzoni hutaki mwendo mkubwa. Chukua rula: eleveta ipande milimita 10 na ishuke milimita 10, zaidi ya hapo hapana. Eleroni, vibao vya nyuma ya bawa vinavyolaza ndege kulia au kushoto, milimita 8 juu na chini zinatosha. Usukani wa mkia mpe milimita 20. Kama rimoti yako ina ekspo, iweke asilimia 30, ili kijiti karibu na katikati kiwe mpole.

Baada ya hapo simama nyuma ya ndege na ukague mielekeo. Vuta kijiti cha eleveta kuelekea kwako: eleveta ipande. Eleroni ndizo zinazowachanganya watu, kwa hiyo weka kidole gumba juu ya kijiti, kikiwa kimesimama, usukume kijiti kulia. Kidole kinaelekea kulia, na eleroni iliyo upande huo ndiyo inayotakiwa kupanda, ya kushoto ishuke. Likiwa kinyume, geuza chaneli kwenye rimoti, usihamishe fimbo. Rudia ukaguzi huu kila asubuhi kabla ya kurusha, hata kama jana ilikuwa sawa, kwa sababu menyu za rimoti hubadilishwa na vidole vya wadogo zetu.

Kuna jaribio jingine ambalo halichukui dakika. Propela ikiwa bado haijafungwa, pandisha nguvu nusu, kisha zima rimoti. Mota lazima isimame yenyewe. Isiposimama, rudia kuoanisha risiva (kipokezi cha mawimbi kilichomo ndani ya ndege) na rimoti kijiti cha nguvu kikiwa chini kabisa. Ndege inayopoteza mawimbi huku mota inaendelea ni ndege inayokwenda kumtafuta mtu. Antena za risiva zikiwa mbili, moja ilale na nyingine isimame. Mawimbi ya gigahezi 2.4 hayapiti vizuri kwenye kuta nene za mawe ya matumbawe wala kwenye minazi iliyolowa mvua, basi usiirushe ndege ikapita nyuma ya nyumba hata kama unasikia sauti yake.

Kuhusu upepo, binamu yako ana nusu ya ukweli. Kwa uzito wako na ukubwa wa bawa lako, ndege inaanza kustoli karibu na kilomita 27 kwa saa. Kusi ukikaza, mwezi wa sita hadi wa nane, upepo wa ufukweni Shela hufika mwendo huo bila shida. Maana yake ukiielekeza ndege kwenye upepo na kuirusha polepole itasimama mahali pamoja juu ya kichwa chako, na ukiigeuza iende na upepo itapita kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa ukiitazama kutoka chini. Mwanafunzi hawezi kuifuata. Mota kubwa haibadilishi hilo. Subiri maleleji, baina ya kusi na kaskazi, au rusha asubuhi mapema upepo wa umande ukiwa bado mwepesi. Kaskazi nayo ina asubuhi nzuri nyingi. Utepe mwepesi uliofungwa kwenye kijiti cha urefu wako utakwambia zaidi ya programu ya simu: ukining'inia au ukicheza kidogo, rusha, ukinyooka, kunywa chai urudi kesho.

Mahali pia pana sheria zake. Tazama maji kwanza: maji yakipwa wakati wa bamvua unapata uwanja mpana wa mchanga mgumu, lakini mchanga huo huo umelowa chumvi. Usisimame nyuma ya matuta ya mchanga ya Shela upepo ukitoka baharini. Hewa ikishavuka tuta inajikunja na kushuka, na ndege inasukumwa chini bila onyo. Isitoshe matuta yale ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya Lamu, hayahitaji nyayo zetu zaidi. Kaa mbali na punda. Punda wa Lamu wamezoea mengi lakini mota hii hawajaizoea, na punda aliyeshtuka na mizigo ya mawe mgongoni ni kesi ya wazee.

Kurusha kwenyewe mwachie binamu mwingine au rafiki, mikono yako yote miwili ibaki kwenye rimoti. Ashike chini ya bawa, mkono uwe nyuma ya propela. Uso kwa upepo. Nguvu robo tatu. Aisukume mbele kwa nguvu, pua ikiinuka kidogo tu kuliko usawa wa macho, asiitupe juu. Ndege inahitaji mwendo, haihitaji urefu. Iache iende mbele hatua kumi, ishirini, kabla hujavuta eleveta, na uvute kidogo. Ikishafika juu kama mara mbili ya mnazi mrefu, punguza hadi nusu na utie trimu. Hapo unaweza kuhakiki kitovu cha uzito: inamisha pua ipige mbizi ya wastani, kisha achia vijiti. Ikijiinua taratibu kwa umbali mrefu, umepatia. Ikiruka juu kwa ghafla, imelemea puani, rudisha betri nyuma milimita 5. Ikiendelea kushuka au ikazidi kuinama, bado imelemea mkiani. Ivute, itue, betri iende mbele.

Mchanga na chumvi havisameheki. Mota hizi zina sumaku, na mchanga wa pwani yetu, hasa huku upande wa Mambrui, una chembe nyeusi zinazong'ang'ania sumaku. Zikiingia ndani zinakwangua. Tua juu ya turubai au mkeka, au kamata kwa mkono ukishajua. Ikianguka baharini, toa betri kwanza, isuuze ndege yote pamoja na mota, sevo na risiva kwa maji matamu, ufungue sevo zikauke kivulini siku nzima kabla ya kuziwasha. Betri iliyozama maji ya chumvi usiichaji tena. Ikae nje, mbali na makuti, mpaka utakapoitupa kwa usalama.

Betri yenyewe ichaji kwa ampea 2.2, kwenye sakafu ya saruji au ndani ya karai lenye mchanga, na wewe uwepo. Ikijaa ni volti 12.6. Hewani weka alamu ya rimoti dakika 8 kwa kuanzia, utue, upime: kila seli ikiwa chini ya volti 3.5 umekaa mno. Usipoirusha wiki nzima, ihifadhi kwenye volti 11.4 hivi. Ikivimba, imekwisha, usiitoboe kwa udadisi.

Jambo la sheria nisiliruke. Kenya ina kanuni za mwaka 2020 za ndege zisizo na rubani, chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Kiwanja cha Manda kiko ng'ambo tu ya mkondo kutoka mjini kwenu, ndege za abiria zinapita chini, na Lamu ina shughuli za usalama ambazo hazitanii kitu kinachoruka. Mwalimu wako wa fizikia aandike kwa KCAA kwa jina la shule, aeleze ni modeli ya gramu 780 isiyo na kamera, aulize mnaruhusiwa wapi. Chifu naye apewe taarifa kabla, asisikie kutoka kwa wavuvi.

Kwa hiyo wiki hii una kazi ya kalamu, rula na mlango mpya wa betri. Ukimaliza niandikie mizani ya samaki ilisoma gramu ngapi, na ndege inakaa sawa sentimita ngapi kutoka mbele ya bawa. Na kama tayari umeshamtumia binamu pesa za ile mota kubwa, mwambie aiweke. Ndege yako ya pili, yenye bawa la mita moja na nusu na uzito wa kilo moja na robo hivi, itaihitaji.